Usalama wa New Orleans, Kama Mlivyoniuliza

Wazee shikamooni, na wadogo hamjambo. Mmetaka kujua kama ni kweli New Orleans ni mji wa bunduki, na kama kijana wetu anayefikiria kuhamia huku atakuwa salama katika mji uliowahi kuzama.

Bunduki zipo, na mwaka 2022 mji huu ulikuwa miongoni mwa miji ya Marekani iliyoongoza kwa kiwango cha mauaji, ingawa tangu hapo mauaji yamepungua sana. Mimi ninachokihofia zaidi ni maji, na maji huku hayatenganishwi na siasa.

Kimbunga Katrina kilipopiga tarehe 29 Agosti 2005, takriban asilimia 80 ya mji ilifurika, hasa kwa sababu kuta za kuzuia mafuriko, zilizosanifiwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani, zilibomoka kwenye mifereji kama ule wa 17th Street. Bodi iliyokabidhiwa matuta ya kuzuia maji ya mji ilikuwa pia ikiendesha uwanja mdogo wa ndege na gati la boti za starehe (mlinzi wa tuta ana haja gani na boti za matajiri?), hivyo mwaka 2006 wapiga kura wa Louisiana, jimbo lenye mji huu, waliridhia kubadili katiba ya jimbo ili bodi za eneo hili ziunganishwe na wajumbe wake wawe na utaalamu.

Januari mwaka huohuo, ramani ya kamati iliyoundwa na meya ilichapishwa gazetini ikiwa na vitone vya kijani juu ya mitaa ambayo ingeweza kugeuzwa bustani, ukiwemo Broadmoor. Wakazi wa Broadmoor, wengi wakiwa bado hawajarejea, walikusanyika, wakaandika mpango wao wenyewe, na mtaa wao upo mpaka leo. Meya aliyekuwa madarakani wakati huo, Ray Nagin, alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha miaka 10 kwa rushwa, ikiwemo ya wakandarasi.

Msidhani yote hayo yamepita. Tarehe 5 Agosti 2017 mvua kubwa, ila isiyo ya kimbunga, ilifurisha mitaa. Wakuu wakasema pampu zote za kutoa maji ya mvua mjini zinafanya kazi, kisha ikabainika kwamba kadhaa zilikuwa mbovu. Ndiyo maana wingu zito likitanda watu huegesha magari kwenye ukanda wa nyasi ulioinuka katikati ya barabara, na serikali ya mji hutangaza kwamba kwa muda huo hakuna faini. Mwaka 2021, kimbunga Ida kilipokuja, matuta yalistahimili, lakini umeme ulikatika mji mzima na baadhi ya wazee walikufa kwa joto majumbani mwao.

Kijana anaweza kuja, ila asihamie kati ya Juni na Novemba, ambao ndio msimu wa vimbunga. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba aulize maji yalifika wapi mwaka 2005, na ajue kwamba bima ya kawaida ya nyumba haigusi mafuriko. Bima ya mafuriko hukatwa peke yake. Awe pia na akiba ya kumtoa mjini kwa taarifa ya siku moja na kumlaza hotelini kwa siku kadhaa. Kama akiba hiyo hana, angoje kwanza.