Muulize Fundi wa Tepe: Nyota mbili baada ya DSO

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Nimesoma habari za Leonard Cheshire, rubani Mwingereza aliyeongoza vikosi vya ndege za mabomu katika Vita Kuu ya Pili. Baada ya jina lake wameandika nishani zake za Uingereza: VC (Victoria Cross), OM (Order of Merit), DSO (Distinguished Service Order) yenye nyota mbili, DSO**, na DFC (Distinguished Flying Cross). Mjomba anasema zile nyota mbili ni cheo, eti alikuwa jenerali wa nyota mbili. Mimi nasema ni kosa la uchapaji. Nani yuko sahihi? Halafu nilidhani VC hutolewa kwa tendo moja la ushujaa. La huyu silioni. — Mpwa Mbishi

JIBU: Marahaba, Mpwa Mbishi. Mmekosa wote wawili, kwa hiyo amani irudi nyumbani.

Cheshire hakufika ujenerali. Cheo chake cha juu kilikuwa Group Captain, ambacho kwa askari wa nchi kavu ni kanali. Zile nyota ni namna ya kuandika kwamba nishani ileile alipewa tena, na tena. Waingereza mtu akistahili DSO mara ya pili hawampi msalaba mwingine. Wanampa kipande chembamba cha chuma kinachokatiza utepe. Mimi nakiita kipingo. Kila kipingo ni nyota moja kwenye maandishi. DSO yenye nyota mbili ni DSO tatu: ya 1940, ya 1943 na ya 1944.

Hapa mjomba akienda kuangalia nishani yenyewe atakosea tena, maana DSO ina mtego. Hata ile ya mtu aliyepewa mara moja tu ina vipande viwili vya chuma vyenye majani, kimoja juu ya utepe na kimoja chini, ndivyo ilivyoundwa. Hivyo havihesabiwi. Vinavyohesabiwa ni vya katikati. Na kwenye sare ya kazi, ambako huvaliwa utepe bila msalaba, kila kipingo huwa ua dogo la fedha. Maua mawili, nishani tatu.

Nimeshona sare na tepe miaka 31, na kati ya tepe za Waingereza iliyowahi kuniaibisha ni ya DFC, ambayo Cheshire alipewa 1941. Ina mistari ya zambarau na nyeupe iliyolala mshazari. Mteja mmoja aliniletea nishani za marehemu jamaa yake niziweke kwenye fremu. Utepe ulikuwa umechakaa, nikakata mpya, nikashona, nikapiga pasi, kazi safi kabisa. Alipokuja kuichukua akaitazama akasema, "Fundi, mistari inakimbilia upande mwingine." Kweli. Utepe ule ukiupindua juu chini mshazari haubadiliki, ila ukigeuza uso wa ndani ukawa nje, mistari yote inaegemea upande usio wake. Nilifumua mbele yake, bila malipo.

VC haina shida hiyo. Utepe wake ni wa rangi moja, damu ya mzee, na msalaba ni wa shaba nyeusi, kitu ambacho ukikikuta kwenye kisanduku cha vifungo unaweza kukipita. Malkia Victoria aliuanzisha 1856, na hakuna nishani ya vitani ya Uingereza inayoutangulia kifuani.

Sasa tendo lake. Kwa kawaida umesema kweli. Guy Gibson, aliyeongoza Kikosi cha 617 kabla ya Cheshire, alipewa VC kwa usiku mmoja wa Mei 1943. Ndege 19 za Lancaster zilikwenda kuvunja mabwawa ya Ujerumani, na yeye, akiwa ameshadondosha bomu lake, alirudi kuruka sambamba na wenzake ili mizinga ya adui imlenge yeye. Ndege 8 hazikurudi.

Ya Cheshire ilitangazwa tarehe 8 Septemba 1944, siku moja baada ya kutimiza miaka 27, na sababu zake zilikuwa miaka minne na safari 100 za vitani. Ndiyo maana hulioni tendo. Yapo mengi, na baadhi yalikuwa yameshalipwa kwa nishani nyingine. Ile DSO ya kwanza, kwa mfano: Novemba 1940, angani karibu na Cologne, kombora lilipasukia kwenye ndege yake, moto ukawaka ndani na ubavu ukapasuka shimo kubwa. Aliirudisha nyumbani hivyohivyo. Alikuwa na miaka 23, ofisa wa ngazi za chini kabisa, na DSO kwa kawaida ilikuwa ya wakubwa.

Ila mimi ningeulizwa, ningechagua usiku wa Februari 1944 kule Limoges, Ufaransa. Kiwanda cha injini za ndege kilikuwa kikiwafanyia kazi Wajerumani, na zamu ya usiku ilijaa wanawake wa Kifaransa. Cheshire alipita na Lancaster juu ya mapaa, chini kabisa, mara tatu, ili watoke wakimbie. Kisha akarudi kuweka alama za moto, wenzake wakapiga. Kumbuka kwamba kila alipopita alikuwa anawaamsha wenye mizinga pia. Na Kikosi cha 617 alikipata kwa kuomba ashushwe cheo, kutoka Group Captain hadi Wing Commander, kwa sababu ukubwa ulimweka ofisini.

OM ni ya amani. Alipewa 1981 kwa makazi ya watu wenye ulemavu aliyoanza kuyajenga 1948.

Umeuliza mawili, nakuongezea la tatu, kwa sababu linahusu foleni, na foleni ya nishani ndiyo kazi yangu. Mwaka 1945 Cheshire alikwenda kwa Mfalme George wa Sita kuvishwa VC yake siku moja na Norman Jackson, sajenti fundi wa injini. Jackson, Aprili 1944, bawa la ndege yake lilipowaka moto juu ya Ujerumani, alitoka nje na kizima moto, ndege ikiwa mwendo, parachuti ikimfumukia mgongoni, mpaka moto ukamfikia na upepo ukamwangusha. Alipona, mikono imeungua. Kwa itifaki mwenye cheo hutangulia. Jackson alisimulia baadaye kwamba Cheshire alisisitiza wasogee pamoja, akamwambia Mfalme kuwa huyu amehatarisha maisha kuliko yeye, avishwe kwanza. Mfalme alifuata itifaki, Cheshire akatangulia.