Gololi ndani ya kompyuta: maswali yenu kuhusu Neverball

Wiki iliyopita niligusia Neverball, lile gemu la bure la kubingirisha mpira juu ya sakafu zinazoning'inia hewani, ukidondoka umekufa, na muda unahesabiwa. Maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotegemea, najibu haya kwanza.

Kaka habari, naandika toka Tabata. Mpira wangu unaanguka kila saa, nikigusa mausi kidogo tu huyoo umeshatoka nje. Mausi mbovu au gemu lenyewe gumu?

Salama dada. Mausi yako nzima kabisa, shida ni kwamba unajaribu kuusukuma mpira, na kwenye hili gemu mpira hausukumwi. Unachoinamisha wewe ni sakafu. Umeshamuona mama anavyopepeta mchele kwenye ungo, hagusi punje hata moja, mikono yake inacheza na ungo tu na mchele unaenda anakotaka, sasa ndo hivyo hivyo. Ukisogeza mausi mbele sakafu inainamia mbele na inabaki imeinama mpaka uirudishe, na mpira muda wote huo unazidi kukolea spidi kama gololi kwenye mteremko. Kwahiyo breki unaanza kufunga mapema, kabla hujafika ukingoni, unainamisha kidogo upande wa nyuma halafu unarudi katikati. Wengi wanakosea hapo pa kurudi katikati, wanasahau, mpira ukitulia wanadhani wamemaliza kumbe sakafu bado imelala upande.

Vitu viwili vya kukusaidia. Usitumie ile tachipedi ya laptop, kidole hakina utulivu huo, tafuta mausi ya kawaida, pale Kariakoo zimejaa za kila bei. Cha pili, kwenye faili la mipangilio linaloitwa neverballrc kuna mstari wa mouse_sense, mwanzoni umeandikwa 300, maana yake mausi ikitembea pikseli 300, yani vile vidoti vya skrini, sakafu imemaliza kuinama kote. Weka 500 au 600 uone mkono unavyopata nafasi. Na jifunze kuzungusha kamera kwa vitufe vya mausi, kona nyingi ni ngumu kwasababu tu unaziangalia kwa upande mbaya.

Nimefika kwenye goli na mpira wangu lakini hakuna kinachotokea, napita tu. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Sarafu hazijatimia mkuu. Kila levo ina idadi yake ya sarafu, ukizifikisha ndo goli linafunguka. Ya njano ni 1, nyekundu ni 5, bluu ni 10, kwahiyo ukiona bluu imekaa pembeni pabaya jua imewekwa pale makusudi, piga hesabu kama unaihitaji kweli. Ila ukiwa kwenye chalenji, ile unayoanza na mipira mitatu, zichukue tu, kila sarafu 100 unaongezewa mpira mmoja.

Mwanangu habari za kazi. Kijana wangu anasoma kidato cha pili, ameniambia fundi kataka elfu kumi kumwekea hili gemu. Wewe uliandika ni bure. Nani mkweli?

Shikamoo mama. Gemu ni bure, na hilo nalisema bila wasiwasi. Alilianzisha mtu anaitwa Robert Kooima, likatoka mwaka 2003, na tangu hapo wengine wengi wameweka mikono yao. Lipo chini ya leseni ya GPL, ambayo inakupa ruhusa ya kulitumia, kulinakili, kumpa jirani, kulifungua kuona lilivyoandikwa na hata kulibadilisha. Fundi akitaka hela ya usumbufu wake wa kukuwekea hajavunja sheria yoyote, leseni yenyewe inamruhusu, ila ajue na wewe ujue unalipia kazi yake ya dakika kumi, hulipii gemu. Na mi naona elfu kumi kwa kazi hiyo ni nyingi mno kwa mtoto wa shule.

Afanye hivi: alidaunlodi mwenyewe mara moja, hata GB moja halifiki, alihifadhi kwenye flashi, na akimaliza awape wenzake darasani. Hapa ndo napenda niseme kwa nguvu maana mji huu tumezoea flashi za magemu ya kuchakachua zinazokuja na virusi juu. Hili ukimpa mwenzio hujaiba kwa mtu. Bando limetumika la mmoja, wanacheza kumi. Halafu ndani hakuna matangazo, na hakuna mahali linamwambia mtoto atume hela ili aendelee levo inayofuata, linachezwa bila intaneti kabisa. Mama mruhusu.

Kompyuta yangu ni ya zamani, ile ya mezani ya mtumba, haina kadi ya grafiksi. Itakubali? Natumia Ubuntu.

Jaribu, gharama hakuna. Gemu lilizaliwa kwenye mashine za miaka hiyo ya 2003, na hata toleo la 1.6.0 la mwaka 2014 halijawa zito sana. Kwa Ubuntu fungua Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, andika sudo apt install neverball, basi. Likikwama kwama ingia kwenye Options uzime ile mng'ao wa sakafu, zima vivuli, zima mandhari ya nyuma, picha za kuta weka ndogo. Sura itapungua lakini mpira utaenda laini, na kwenye gemu la namna hii ulaini ndo kila kitu. Ukiliweka angalia pia Neverputt, ni gofu ndogo inayotumia injini hiyo hiyo, mnapokezana hadi watu wanne mausi moja.

Hili si wamekopi Super Monkey Ball?

Wazo la kuinamisha sakafu ndo lile lile la Super Monkey Ball, gemu la Sega la mwaka 2001, kweli. Na kubingirisha mpira kwenyewe ni kwa zamani zaidi, Marble Madness ya Atari ni ya 1984. Ila code, yani maandishi ya programu yenyewe, na levo za Neverball zimeandikwa upya.

Bro mi nipo Sinza, nataka kutengeneza levo zangu mwenyewe. Inawezekana au lazima ujue kuprogramu?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Inawezekana na kuprogramu sio lazima. Ramani zinachorwa kwenye programu kama GtkRadiant, ambayo asili yake ni kuchora ramani za Quake, gemu la kupigana risasi, kwahiyo utakutana na majina ya ajabu ambayo hakuna atakayekueleza: sarafu kwenye programu inaitwa light, yani taa, mahali mpira unapoanzia ni info_player_start, na goli ni info_player_deathmatch. Wamekopa majina ya Quake wakayapa kazi nyingine, ukishajua hivyo huchanganyikiwi tena. Idadi ya sarafu za kufungua goli unaiandika kwenye sehemu inayoitwa goal, muda kwenye inayoitwa time, na muda unahesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, sekunde 60 unaandika 6000. Ukimaliza unaipitisha ramani kwenye kiprogramu cha mapc kinakutolea faili la .sol, hilo ndo gemu linalolisoma.

Anza na sakafu moja bapa, sarafu tano na goli upande wa pili, usiweke chochote kingine. Icheze wewe, halafu mpe mdogo wako aicheze ukiwa umekaa pembeni kimya, angalia anaangukia wapi. Ukingo anaoangukia mara tatu ndo unaongezea kijiukuta. Ikikamilika nitumie, nitaiweka kwenye flashi yangu pamoja na zile nyingine.