M, M, T, N, T, S, S… inafuata N

Uliyeuliza herufi inayofuata hapo: ni N, halafu T na K. Hesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, zitajitokeza zenyewe. Wengi hukwama kwa kuhangaika na mpangilio wa alfabeti. Wakishazoea, watupie wenzako J, J, J, J, J, A, I. Hiyo inaanzia Jumamosi, na ubishi wake ni mtamu zaidi.

Ile picha ya ubao wa drafti wenye kivuli, ya Edward Adelson, mtafiti wa jinsi tunavyoona (1995), ambayo mraba A huonekana mweusi kuliko mraba B, wala msigombane. Toboa karatasi matundu mawili, funika picha yote ibaki miraba A na B tu. Rangi ni ileile. Ukiondoa karatasi, macho yanadanganyika tena palepale, hata kama jibu unalijua.