Kwa wanaoanza kupima kama dawa za miti shamba zinapunguza uwezo wa kuzaa kwa panya dume

Wiki iliyopita niliingia maabara yetu hapa Tanga nikamkuta kijana amepanga visahani 24 vya maji ya chumvi chini ya kiyoyozi, kila kimoja na kauda yake, yaani mkia wa epididimisi, mrija ulioshikamana na korodani ambamo mbegu za kiume huhifadhiwa, kundi la kulinganishia lisilopewa dawa mbele na kundi la dozi kubwa mwisho, naye ameinamia hadubini akianza na cha kwanza. Nilimwomba asimame pale pale. Ninawapenda vijana wetu, lakini kosa hili nimeliona mara nyingi mno, na wa kwanza kulifanya nilikuwa mimi.

Kwanza, hesabuni siku. Mbegu ya kiume ya panya mkubwa wa maabara huchukua takriban siku 52 kutengenezwa korodanini, kisha wiki moja au zaidi kupita kwenye epididimisi, hivyo anayenywesha dondoo ya mti kwa siku 14 anahesabu mbegu zilizoanza kutengenezwa kabla dawa haijafika tumboni. Nywesheni siku 60.

Pili, pimeni uzito wa kila panya kila wiki na mrekebishe dozi. Tatu, korodani za kukatia vipande vya hadubini zitieni kwenye mmumunyo wa Bouin, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, kwani formalini peke yake huisinyaza mirija ya korodani.

Nne ni mpangilio wa kupima, na hapa naomba mnivumilie. Mzee mmoja mganga wa upande wa Pangani alinipa mti wake na utaratibu wa kuuchemsha, na kwa kuwa alinipa kwa imani sitautaja. Nilinywesha siku 60 kamili bila kuruka hata moja. Siku ya kupasua nilikata kauda zote asubuhi, nikaziweka kwenye maji ya chumvi, nikawasha kiyoyozi kwa sababu ya joto la Februari, kisha nikaanza kuhesabu kwa utaratibu wa namba. Kundi la kulinganishia lilikuwa na mbegu zinazokwenda mbio kama samaki wachanga kwenye maji ya kina kifupi. Nilipofika dozi kubwa, saa tisa alasiri, zilikuwa zimelala, moja moja ikitikisa mkia. Moyo ulinidunda kwa furaha. Jioni ile ile nilimpigia mzee simu nikamwambia kwamba mti wake unaua mbegu za kiume.

Mzee alinisadiki. Kwa miezi minne aliwanyima wanaume dawa ile, ambayo wao walikuwa wakiifuata kwa maumivu ya tumbo na si kwa jambo la uzazi. Niliporudia jaribio, nikapiga kura ya nani apasuliwe lini, nikapasua mmoja mmoja na kumpima papo hapo juu ya kioo cha nyuzi 37, tofauti ya mwendo haikuonekana tena. Kilichozilaza mbegu zile kilikuwa baridi na saa za kungoja. Nilisafiri hadi kwake kumweleza, nikamsimulia siku ile saa kwa saa. Hakunikemea. Aliniuliza tu, “Mwanangu, yule wa mwisho alingoja muda gani?” Nikamjibu kwamba alingoja saa tano na nusu. Akanyamaza, kisha akaagiza chai.

Kwa hiyo kura ipigwe, vioo vipashwe moto kabla hamjashika mkasi, na anayehesabu asijue panya ni wa kundi gani.

Tano, msiishie kwenye hadubini. Panya dume anaweza kupoteza sehemu kubwa sana ya mbegu zake na bado akampa jike mimba, kwa hiyo mpandisheni kwa majike wawili na mhesabu vijusi. Baadhi ya madume waacheni siku 60 nyingine baada ya dozi ya mwisho, mwone kama uwezo wao unarudi. Gosipoli, kemikali ya mbegu za pamba, iliyojaribiwa kwa wanaume huko China katika miaka ya 1970, ilipunguza mbegu kweli, lakini iliachwa kwa sababu baadhi yao walishuka potasiamu mwilini na wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa. Anayepima dondoo bila kundi la kurejea hawezi kumjibu mganga atakapoulizwa kama uwezo wa kuzaa unarudi, na wazee wa huku huuliza swali hilo kabla ya mengine yote.