Mashine ya kusafishia filamu

SWALI: Ndugu Mhariri, kikundi chetu cha wapiga picha hapa Ngamiani, Tanga, kimefungua chumba cha giza. Je, tununue mashine kubwa inayovuta filamu kwa rola, au ndogo inayozungusha tangi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maoni yangu nunueni ndogo. Mashine ya rola hubeba lita nyingi za dawa, ambazo huchakaa zikikaa bila kazi, hivyo huifaa studio inayopokea filamu kila siku. Linalonisumbua zaidi ni joto la Tanga. Filamu za rangi hulowekwa katika dawa ya kwanza kwa nyuzijoto 38, dakika 3 na sekunde 15, na mashine hupasha maji kufikia hapo bila taabu. Lakini filamu nyeusi na nyeupe kwa kawaida husafishwa kwa nyuzijoto 20, ilhali maji yetu ya bomba huwa na joto zaidi ya hapo, na mashine ya kupasha haipozi. Wekeni basi chupa za dawa katika beseni la maji ya barafu, kipimajoto kikiwa ndani ya chupa yenyewe. Kabla ya kulipa, ijazeni maji matupu, mkaitazame ikizunguka nusu saa: joto likipanda na kushuka, iacheni.