Kabla hujasaini mkataba wa postidoki, uliza habari za vifaa vilivyokufa

Nilikuwa likizo nyumbani Mtwara, msimu wa korosho umepamba moto, nikapata ujumbe wa binti mmoja wa Newala. Amemaliza uzamivu wa fizikia na ameitwa kwenye usaili wa postidoki Ulaya, yaani kazi ya utafiti ya mkataba baada ya uzamivu, kwenye chipu za kumbukumbu zinazoiga ubongo. "Dada, nijiandaeje?" Nilimrekodia sauti ya dakika kumi na moja WhatsApp. Hapa naandika yaliyo ya maana, sehemu niliyokuwa namfokea mdogo wangu apunguze redio nimeiruka.

Kompyuta ya kawaida huhifadhi huku na kukokotoa kule, data zinashinda njiani kutwa nzima, na umeme mwingi unaishia kwenye safari hizo. Ubongo hauna safari hizo, unajiendea kwa wati 20 hivi. Sisi tunatengeneza kifaa kinachokumbuka na kukokotoa palepale, memirista. Ni utando wa oksidi ya hafniamu wenye unene wa nanomita 5 mpaka 10 hivi, umebanwa kati ya metali mbili. Ukiupa volti kadhaa, oksijeni inasogea, nafasi zinazobaki wazi zinajipanga kama uzi, mkondo unapita. Geuza volti, uzi unakatika. Zima umeme, kinabaki vilevile ulivyokiacha. Ukivipanga vifaa hivi kama wavu, kanuni za umeme za Ohm na Kirchhoff zinakuzidishia na kukujumlishia namba humohumo.

Ukisoma makala za fani hii utadhani ni mteremko. Mhandisi Leon Chua alikifikia kifaa hiki kwa hesabu mwaka 1971, maabara za kampuni ya kompyuta ya HP zikatangaza mwaka 2008 kwamba zimekipata kwenye oksidi ya titaniamu, na tangu hapo tumejaziana michoro ya mkondo dhidi ya volti, yenye kitanzi kilichofunguka kama mabawa ya kipepeo. Kitanzi kimoja, kisafi. Kimetoka kwenye vifaa vingapi? Hapo wengi tunapita kimya.

Nami nilipita kimya. Mwaka wangu wa kwanza nilipima vifaa 60, nikampelekea msimamizi kitanzi cha kile bora. Akafurahi, akakiweka kwenye slaidi za mkutano. Miezi mitatu baadaye mwenzangu akajaribu kurudia, akatoka kapa. Nilipofungua daftari kwa macho makavu, vifaa 41 vilikuwa vimekufa, na vingine niliviua mwenyewe. Usiku mmoja nilisahau kuweka kikomo cha mkondo kabla ya kuamsha kifaa kwa mara ya kwanza. Chini ya hadubini unaishusha sindano mpaka iguse kipande cha dhahabu kidogo kuliko punje ya chumvi, unashika pumzi, unabonyeza. Mstari kwenye skrini unaruka juu na hauteremki tena. Nilichoma tisa mfululizo, huku nalaumu utando.

Mjomba wangu hupima ubora wa korosho ghalani. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo ulichagua korosho moja iliyonona ukaipeleka mnadani?" Yeye huchota kwenye magunia tofauti, anapasua moja moja, anatenga nzima, zilizosinyaa na zilizooza, ndipo anataja daraja. Mnunuzi ananunua mzigo wote, si punje aliyoonyeshwa.

Niliporudi kazini nikafungua faili ya kila kifaa, kizima na mfu: tarehe, mahali kilipokaa kwenye kipande cha silikoni, nani aliweka utando. Baada ya wiki chache ikaonekana kwamba wafu wengi wamejazana pembeni. Tulipopima, utando ulikuwa mwembamba zaidi huko. Makala yangu ninayojivunia imetoka kwa wafu hao, maana chipu ya kweli inayoiga mtandao wa neva za ubongo itajengwa kwa vifaa vinavyotofautiana, na lazima ujue vinatofautiana kiasi gani.

Kwa hiyo, binti, kwenye usaili uliza: vifaa vyenu vingapi kwa mia hufa, na vimeandikwa wapi? Uliza pia nani anaitengeneza mashine ya utando ikiharibika. Pampu ya mashine yetu ilinilia miezi minne kwenye mkataba wa miaka miwili, na mkataba haukungoja pampu. Mwezi wa kumi na tano anza kutafuta kazi inayofuata, hata kama msimamizi anakupenda. Mshahara utaujulia huko huko. Mama yako atakuuliza, kama wangu anavyouliza kila Idi, "Mwanangu, shule bado tu?" Hilo sina jibu lake.

Juzi kaniandikia. Alimuuliza profesa swali la wafu, profesa akakaa kimya, kisha akashirikisha skrini yake na kufungua jedwali refu lenye safu nyingi nyekundu. Walizungumzia zile nyekundu mpaka muda wa usaili ukaisha. Ameshaanza kutafuta viza.