Tuhamie kisiwani, ila mashua isiuzwe

MASWALI YA PWANI
Anayejibu ni bibi wa Tanga, aliyeishi na mumewe mashuani na baadaye kisiwani, upande wa Mkinga.

SWALI: Shikamoo bibi. Mimi na mume wangu ni wavuvi, kwetu Sahare. Dago tumelizoea: msimu ukifika tunalala mashuani, tunapika mashuani, hata mwezi mzima. Sasa mjomba wake amempa shamba la minazi kwenye kisiwa kidogo, kasema tujenge. Mume wangu anataka kuuza mashua tupate pesa ya mabati, sola na jokofu la kugandishia samaki, tubaki na ngalawa. Roho yangu inakataa, lakini sitaki aone namvunja moyo. Tuanzie wapi?
Mke wa mvuvi, Sahare

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefurahi umeniandikia kabla mashua haijapata mnunuzi.

Isiuzwe. Ngalawa ni chombo kizuri cha kuvulia karibu, lakini haibebi mabati, magunia ya saruji na mgonjwa siku ambayo kusi limechachamaa. Nyinyi ni watu wa bahari, upepo mnaujua: alfajiri umande unavuma kutoka bara, kwa hiyo anayetoka kisiwani kwenda mjini asubuhi anakwenda joshi, anapigana nao. Upepo wa kumpeleka bara vizuri huja mchana. Homa ya mtoto haisubiri mchana. Mashua ibaki, ifungwe mashine hata ndogo, na liwepo dumu moja la mafuta ambalo hakuna anayeligusa kwa safari ya kuvua. Na ukijaliwa mimba, mwezi wa nane ukikukuta, hamia kwa ndugu mjini, uwe karibu na hospitali ya Bombo. Hili nakusihi kama mzazi wako.

Ya pili ni maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona familia zikirudi bara, na kilichozirudisha karibu kila mara ni maji.

Katika visiwa vyetu vidogo maji matamu yaliyo chini ya ardhi ni tabaka jembamba tu, yanaelea juu ya maji ya chumvi. Ukichimba kisima kirefu, au ukiweka pampu ukayavuta kwa pupa, chumvi inapanda, na kisima kikishaharibika hivyo hukaa muda mrefu kabla hakijarudi. Chimbeni katikati ya shamba, mbali na ufuo, kiwe kifupi, mteke kwa ndoo. Kabla hamjakiamini, yaonjeni maji wakati wa bamvua kubwa, bahari inapojaa kupita kawaida, kisha myaonje tena mwisho wa kaskazi, ardhi ikiwa imekauka kabisa kabla ya masika. Yakibaki matamu nyakati zote mbili, mshukuruni Mungu. Hata hivyo yawe ya kufulia na kuogea. Ya kunywa yatoke juani na mawinguni, nami nitakueleza nina maana gani.

Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la bati la mita 5 kwa 6 lina mita za mraba 30, kwa hiyo mvua ya milimita 10, ambayo Tanga si ajabu kuipata kwa usiku mmoja wa masika, ni lita 300. Toa yanayomwagika na kurukia nje, weka hesabu ya 240. Sasa pigeni hesabu ya kiangazi: watu wawili wakitumia lita 15 kwa siku kwa kunywa na kupika, siku 90 ni lita 1,350. Tangi la lita 2,000 linawatosha, na ziada kidogo kwa mgeni. Mvua ya kwanza baada ya ukame iacheni ioshe bati, msiikinge. Tangi lifunikwe, mdomo uwekewe wavu wa mbu. Maji yachemsheni, kuni zikiwa haba, yatieni kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, mzilaze juani kwa muda wa saa sita, au siku mbili ikiwa kuna mawingu. Paa la makuti ni baridi na zuri, napenda kulala chini yake, ila halikingi maji ya kunywa.

Ndiyo maana nasema bati lije kabla ya nyumba. Msimamishe banda la bati na tangi mwezi wa pili, masika ya mwezi wa tatu iwakute tayari. Nanyi endeleeni kulala mashuani huku mkijenga polepole. Mnayo nyumba tayari, inaelea, na imekwisha kuwafundisha nusu ya kazi: mashuani kila mtu anajua pipa limebaki kiasi gani, hakuna anayeosha sahani kwa maji matamu kabla ya kuisugua kwa maji ya bahari, na kila kitu kina mahali pake. Wanaohamia kisiwani kutoka nyumba yenye bomba huteseka kujifunza hayo.

Kuhusu mumeo: usimwambie “sitaki”. Mwambie unataka sana, kisha mtandikie hesabu hizi mbele yake, usiku akiwa ameshakula, bila ndugu kuwepo. Mwulize siku mmoja wenu akiugua atavuka na nini. Mwanamume anayempa mkewe makao mapya anajivunia mpango wake, naye ana haki ya kujivunia. Muunge mkono kwenye mpango, umtoe kwenye kosa la kuuza chombo. Na wewe upate kipato chako. Maji yakiwa na joto la wastani, lima mwani: kwa kawaida huvunwa baada ya wiki sita hivi. Anza na aina ya spinosamu, inavumilia zaidi. Aina ya kottoni inalipa vizuri lakini maji yakipata joto sana inaugua. Pesa ya mwani iwe mkononi mwako. Mke aliyeko kisiwani, mumewe usiku kucha yuko baharini, asiombe hata ya vocha.

Jokofu lisahauni. Jibu linalofuata litaeleza kwa nini.

SWALI: Bibi, tuna sola ya wati 100 na betri ya maji ya 100Ah. Mwaka haujaisha, betri imechoka, inazima saa mbili usiku. Fundi anasema ninunue nyingine kubwa zaidi. Nifanye nini?
Baba wa watoto wawili, Kwale, Mkinga

JIBU: Usinunue kwanza, baba. Betri ya 12V yenye 100Ah ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi, lakini betri ya maji ikinyonywa chini ya nusu kila siku inakufa mapema. Yako ni 600. Taa tatu za wati 5 kwa saa tano ni 75 tu, redio na simu vinaingia bila shida. Kama inazima saa mbili, kuna kitu kikubwa kinakula, na nina hofu ni jokofu. Samaki wapelekewe barafu ya mjini, au wapasuliwe wawe ng'onda. Jua la kwetu halidai bili.

Kisha angalia chumvi. Vichwa vya betri vikiota unga wa kijani au mweupe, visafishe kwa maji ya moto na magadi, vikauke, uvipake grisi. Paneli ioshwe kwa maji ya mvua, ilazwe mshazari kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iishukie, na kivuli cha mnazi kisiiguse. Betri isikae chumba mnacholala: inapochajiwa hutoa gesi inayoshika moto.

SWALI: Tunataka kujenga pale penye mchanga mweupe, hatua chache tu kutoka majini. Wengine wanatutisha. Kuna ubaya?
Wachumba, Pangani

JIBU: Upo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuo. Na hata bila sheria, nyinyi wa Pangani mnayo Maziwe, kisiwa kilicho mbele yenu. Wazee wenu waliiona ina miti na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga linalozama bamvua ikijaa. Mchanga unahama. Sogeeni ndani, nyuma ya miti, na mikoko msiikate: inahitaji kibali cha misitu, nayo ndiyo inayokamata ufuo wenu.

Ardhi ya kijiji haipatikani kwa neno la mtu mmoja, hata awe mjomba. Nendeni kwa mwenyekiti, suala lipite halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, mpewe muhtasari wenye mihuri. Ulizeni pia kama eneo liko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa sababu Tanga tunayo ya silikanti, samaki adimu wa kale, tangu 2009. Majibu yote yakiwa mkononi, ndipo mtafute fundi.